Kupunguza ugali au kupunguza mafuta: ulinganisho kwa anayetaka kitambi kishuke

Tangu ofisi za Serikali zilipoanza kuhamia Dodoma kwa wingi, na baadaye Mji wa Serikali kujengwa pale Mtumba, mji huu umepata watu wengi wanaokaa vitini kuanzia asubuhi hadi jioni, wanaokula mchana kwa mama lishe au kantini, na ambao suruali na sketi walizokuja nazo haziwatoshi tena. Swali ninalolisikia mara nyingi mezani ni hili: niache ugali au niache mafuta? Wapo wanaoamini kwamba mchawi ni ugali, na wapo wanaoamini kwamba mchawi ni chipsi na vitu vya kukaanga. Kila upande una mtu wa kumtolea mfano, aliyepungua kilo nane au kumi kwa njia hiyo, na kila upande una mtu usiyependa kumtaja, yule aliyerudi alikotoka.

Nimeona ni vema njia hizi mbili ziwekwe pamoja na zipimwe kwa vipimo viwili. Kipimo cha kwanza ni kile ambacho kila njia hukifanya ndani ya seli ya mafuta, kwa kuwa kitambi si kingine ila mkusanyiko wa seli hizo zikiwa zimejaa. Kipimo cha pili ni kama njia hiyo inaweza kufuatwa mwaka baada ya mwaka na mtu anayenunua chakula chake katika soko la Majengo au Sabasaba. Naweka maoni yangu wazi tangu mwanzo ili msomaji ajue ninakoelekea: kwa watu wengi wa hapa napendekeza kupunguza mafuta ya kupikia pamoja na sukari, huku ugali ukibaki mezani, ila uwe wa unga usiokobolewa na tonge lake lipungue. Lipo kundi la watu ambao kwao kupunguza wanga ni bora zaidi, na nitalieleza mahali pake.

Seli yenyewe ilivyo

Anayetaka kuyaona mafuta ya mwilini kabla ya kuyasoma aende mnada wa Msalato na asimame karibu na wachinjaji. Mbuzi aliyenona akishachunwa, tabaka jembamba jeupe huonekana juu ya nyama, hasa mgongoni na kiunoni. Hayo ni mafuta ya chini ya ngozi. Tumbo likishapasuliwa, hutokea utando unaofanana na wavu wa mvuvi, mweupe wenye mishipa myekundu, uliofunika matumbo yote, na kando ya uti wa mgongo figo zimezama ndani ya bonge la mafuta magumu kiasi kwamba mchinjaji hulimenya kwa vidole ili azitoe. Mwili wa binadamu umepangwa hivyohivyo. Tuna mafuta ya chini ya ngozi, ambayo mtu anaweza kuyabana kwa vidole viwili, na tuna mafuta ya ndani ya tumbo, ambayo hayabaniki kwa sababu yako nyuma ya misuli. Haya ya ndani ndiyo yanayohusishwa zaidi na kisukari cha aina ya pili, shinikizo la damu na maradhi ya moyo, na sehemu ya sababu ni kwamba sehemu kubwa ya damu inayotoka huko huenda moja kwa moja kwenye ini ikiwa imebeba asidi za mafuta.

Kipande kidogo cha mafuta hayo kikitazamwa kwa hadubini, huonekana vifuko vya mviringo vilivyosongamana kama zabibu kwenye kichala. Kila kifuko ni seli moja. Karibu nafasi yake yote imechukuliwa na tone moja kubwa la mafuta, na kiini cha seli kimesukumwa ukutani kikawa bapa. Baada ya mlo, sukari ikipanda kwenye damu, kongosho hutoa insulini, na insulini hufanya mambo mawili kwa wakati mmoja katika seli hii: huruhusu sukari na mafuta kuingia, na huzuia kimeng'enya kinachovunja akiba ya mafuta, ili akiba hiyo isitoke. Saa chache baadaye, au mtu anapotembea kwa haraka, insulini hushuka na homoni nyingine kama adrenalini huchukua nafasi. Tone huvunjwavunjwa kuwa asidi za mafuta na gliseroli, na misuli huzitumia. Kwa hiyo seli ya mafuta hujaa na kupungua kila siku ya Mungu. Kitambi ni ile ziada ndogo ya kinachoingia juu ya kinachotoka, iliyolimbikizwa mwezi baada ya mwezi.

Seli hii pia huzungumza na ubongo. Mwaka 1994 kikundi cha Jeffrey Friedman katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, kilitangaza ugunduzi wa homoni inayoitwa leptini, ambayo hutolewa na seli za mafuta zenyewe na kuupa ubongo taarifa ya akiba iliyopo. Akiba ikipungua, leptini hupungua, na ubongo hujibu kwa kuongeza njaa na kubana matumizi ya nishati. Naomba msomaji alishike jambo hili, kwa kuwa linaamua hatima ya njia zote mbili: mwili hauuoni ukondefu kama ushindi, huuona kama ukame, na watu wa mikoa hii hawahitaji kuelezwa mtu hufanyaje akishaona dalili za ukame.

Je, mtu akikonda seli hupungua idadi? Jibu lilipatikana kwa njia ya ajabu. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 yaliongeza angani aina ya kaboni inayoitwa kaboni 14, ambayo iliingia kwenye mimea, kisha kwenye chakula, kisha kwenye chembe za urithi za kila seli iliyozaliwa wakati huo. Kwa kupima kaboni hiyo, Kirsty Spalding na wenzake wa Taasisi ya Karolinska nchini Uswidi waliweza kukadiria umri wa seli za mafuta za binadamu, na mwaka 2008 walionyesha kwamba idadi yake huwekwa zaidi utotoni na ujanani, kwamba kwa mtu mzima hubaki karibu ileile, na kwamba takriban asilimia 10 ya seli hizo hufa na kubadilishwa na nyingine kila mwaka. Hata watu waliopungua sana baada ya kupasuliwa tumbo ili wale kidogo walibaki na idadi yao ya seli. Kilichopungua ni ukubwa wa kila seli. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2010 uliongeza jambo: watu wazima wembamba waliolishwa kupita kiasi kwa wiki 8 walijaza seli za tumboni zikawa kubwa, ilhali mapajani mwili uliongeza seli mpya. Kwa maneno mengine, kunenepa kunaweza kuongeza seli, lakini kukonda hakuziondoi. Hubaki zikiwa tupu nusu, zikisubiri.

Kuna habari njema kidogo upande wa mafuta yaliyomo. Kwa kutumia mbinu hiyohiyo ya kaboni, ilionekana kwamba mafuta ndani ya seli hukaa wastani wa mwaka mmoja na miezi saba hivi kabla ya kutolewa na kubadilishwa. Tumbo la leo, basi, limebeba chakula cha mwaka jana na mwaka juzi, na mlo wa wiki mbili hauwezi kulimaliza.

Njia ya kwanza: kupunguza wanga

Anayefuata njia hii huacha au hupunguza sana ugali, wali, chapati, maandazi, viazi na sukari, na hujaza nafasi kwa nyama, mayai, samaki, mboga, parachichi na karanga. Hoja yake inaeleweka kwa urahisi: wanga ndio unaopandisha insulini kuliko kitu kingine, insulini ndiyo inayofunga akiba ndani ya seli, basi punguza wanga ili akiba itoke. Nusu ya hoja hii ni ya kweli kabisa. Insulini ikishuka, seli huachia asidi za mafuta kwa wingi zaidi. Nusu ya pili haisemwi: mtu huyohuyo akila mafuta mengi kuliko anayoyatumia, yale yaliyotoka hurudishwa, kwa kuwa hata insulini kidogo inayokuwapo kati ya mlo na mlo inatosha kuyahifadhi.

Faida yake kubwa ni kwamba protini hushibisha, na mtu hupungua haraka mwanzoni, jambo linalompa moyo. Hata hivyo sehemu kubwa ya kilo za wiki ya kwanza ni maji. Mwili huhifadhi sukari katika ini na misuli ikiwa imeshikamana na maji, takriban gramu 3 za maji kwa kila gramu 1 ya sukari hiyo, na akiba hiyo ikitumika maji yake hutoka kwa mkojo. Mizani husoma kilo mbili au tatu pungufu, na seli za mafuta hazijaguswa sana. Siku mtu anapokula ugali tena, maji hurudi, naye hudhani amenenepa kwa usiku mmoja na kukata tamaa.

Mwenzangu mmoja kazini alifuata njia hii kwa miezi mitatu. Mchana alikuwa akila nyama choma na kachumbari, asubuhi mayai, jioni mboga na samaki, na kwa kweli alipungua hadi mkanda ukahitaji tundu jipya. Mwezi wa nne ulikuja na misiba miwili na harusi moja. Katika msiba wa kijijini huku kwetu ugali huletwa kwenye sinia moja kwa watu watano au sita, maji ya kunawa yanazungushwa, na anayekataa kunawa huonekana kama amekataa msiba wenyewe. Alinawa, akala, na akaona aibu ya bure kwa jambo ambalo lilikuwa la utu. Baada ya hapo hakurudi kwenye njia yake, na kufikia mwisho wa mwaka kilo zote zilikuwa zimerudi. Sioni kosa kwake. Naona kwamba njia inayomtaka Mgogo au mgeni wa Ugogoni akwepe ugali inamtaka akwepe watu, na gharama hiyo haiandikwi kwenye jedwali lolote la lishe. Gharama ya fedha nayo ipo: familia ya watu sita ikitaka kushiba kwa nyama, mayai na samaki badala ya unga, mfuko hautoboi hadi tarehe 20.

Njia ya pili: kupunguza mafuta

Hapa ugali unabaki, ila vinaondoka chipsi, sambusa, maandazi, nyama yenye mafuta mengi, na zaidi ya yote ile tabia ya kumimina mafuta sufuriani bila kupima. Hoja yake ni ya hesabu. Gramu 1 ya mafuta ina kilokalori 9, ilhali gramu 1 ya wanga au ya protini ina 4. Aidha, kuyahifadhi mafuta ya chakula ndani ya seli hakuugharimu mwili karibu chochote, lakini kugeuza wanga uliozidi kuwa mafuta hupoteza karibu robo ya nishati yake. Kwa sababu hiyo mwili hupendelea kuchoma wanga kwanza na kuyaweka mafuta akiba.

Siku moja tulipima jikoni kwetu. Mchicha wa watu wanne ulikuwa unaungwa, na anayepika alimimina mafuta kama anavyomimina siku zote, ila safari hii aliyamimina kwanza kwenye kikombe. Tuliyahamisha kwa kijiko kikubwa tukahesabu: vijiko 6. Kijiko kikubwa 1 cha mafuta kina kilokalori zipatazo 120, kwa hiyo mboga ya majani ambayo yenyewe haina hata kilokalori 50 kwa mtu ilikuwa imebeba kilokalori 180 za mafuta kwa kila sahani, na bado maharage yalikuwa hayajaungwa. Tangu siku hiyo kijiko kinakaa shingoni mwa chupa kwa uzi, vijiko 2 kwa sufuria, na hakuna aliyelalamika kuhusu ladha baada ya wiki ya kwanza. Vitunguu na nyanya vikiachwa viive taratibu kwa mfuniko hutoa maji yao wenyewe na kuungua si rahisi.

Njia hii inakubaliana na mapishi ya asili ya eneo hili kwa namna ambayo wengi wameisahau. Mlenda huchemshwa kwa maji na magadi kidogo, bila tone la mafuta, na ule ute wake ni nyuzinyuzi zinazochelewesha sukari kuingia kwenye damu. Maharage, kunde na choroko za kuchemsha, maziwa mgando yaliyoenguliwa, dagaa wa kuchemsha na nyanya, vyote hivi vipo sokoni na bei yake inabebeka.

Mtego wake ni sukari. Mtu akiondoa mafuta bila kuangalia mengine, hujikuta anaongeza chai ya vijiko vitatu vya sukari, juisi na soda, kwa kuwa amesikia kwamba vitu hivyo havina mafuta. Chupa 1 ya soda ya mililita 350 ina sukari gramu 35 au zaidi. Nusu yake hivi ni fruktosi, ambayo kwa sehemu kubwa hushughulikiwa na ini, na ikizidi ini huigeuza kuwa mafuta na kuyatuma kwenye damu kuelekea seli zilezile tulizotaka kuzipunguza. Mtego wa pili ni kuondoa mafuta yote. Vitamini A, D, E na K zinahitaji mafuta ili zifyonzwe, na majani ya kijani yasipopata hata kijiko kimoja cha mafuta au konzi ya karanga za kusaga hupitisha sehemu kubwa ya faida yake bure.

Zikiwekwa pamoja

Kwa yule anayetaka kujua ipi imeshinda ilipopimwa kwa haki, utafiti mkubwa ulioongozwa na Christopher Gardner wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2018, uliwachukua watu wazima 609 wenye uzito uliozidi na kuwagawa katika makundi mawili kwa miezi 12. Kundi la mafuta kidogo lilipungua wastani wa kilo 5.3, na kundi la wanga kidogo kilo 6.0. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuweza kuitwa ushindi. Makundi yote mawili yaliambiwa yale mboga nyingi, yaache sukari na unga mweupe, na yapike nyumbani. Kilichonigusa zaidi ni tofauti ndani ya kila kundi: wapo waliopungua zaidi ya kilo 25, na wapo walioongezeka. Watafiti walijaribu kutabiri nani atafaa njia ipi kwa kupima chembe za urithi na namna miili yao inavyotoa insulini, wakashindwa.

Utafiti mwingine, wa Kevin Hall na wenzake katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, uliochapishwa mwaka 2021, ulikuwa mdogo lakini wa karibu sana. Watu 20 waliishi ndani ya kituo cha utafiti kwa wiki 4, wiki 2 wakila chakula cha mimea chenye mafuta kidogo na wanga mwingi, na wiki 2 wakila chakula cha wanyama chenye mafuta mengi na wanga kidogo mno, na kila mara waliruhusiwa kula hadi washibe. Walipokuwa kwenye wanga mwingi insulini yao ilipanda sana baada ya kula, kama nadharia ilivyosema, lakini walikula kilokalori zipatazo 700 pungufu kwa siku bila kulalamika njaa, na ndicho kipindi ambacho mafuta ya mwilini yalipungua dhahiri. Wiki mbili si mwaka, na kituo cha utafiti si nyumbani. Hata hivyo matokeo hayo yanatosha kuondoa dhana kwamba wanga peke yake, kwa kuwa unapandisha insulini, hulazimisha seli za mafuta zijae.

Ninavyoelewa mimi, njia zote mbili zinavunja kitu kimoja kutoka pande mbili tofauti, nacho ni ndoa ya wanga uliokobolewa na mafuta mengi katika sahani moja. Tazama chipsi mayai. Viazi vinapandisha insulini, insulini inafungua mlango wa seli, na mafuta ya karai yanafika kwenye damu wakati mlango uko wazi. Tena mchanganyiko huo ni mtamu kiasi kwamba tumbo huchelewa kusema basi. Anayeacha wanga anaondoa viazi, anayeacha mafuta anaondoa karai, na wote wawili hawali tena chipsi mayai. Vivyo hivyo kwa maandazi, vitumbua, chapati za mafuta na keki.

Mafuta gani, unga gani

Aliyechagua njia ya pili atabakiwa na vijiko viwili vya mafuta, na inafaa ajue ni vya nini. Mjini Uppsala, Uswidi, vijana 39 wenye uzito wa kawaida waliongezewa kwa wiki 7 keki ndogo juu ya mlo wao. Nusu yao keki zilipikwa kwa mafuta ya mawese na nusu kwa mafuta ya alizeti. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Wote walinenepa sawa, takriban kilo 1.6, kwa hiyo alizeti haikumkinga mtu na unene. Tofauti ilikuwa mahali mafuta yalipokwenda: waliokula mawese waliongeza mafuta zaidi kwenye ini na ndani ya tumbo, na kwa waliokula alizeti sehemu kubwa zaidi ya uzito walioongeza ilikuwa misuli. Karibu nusu ya mafuta ya mawese ni ya aina inayoganda kwenye ubaridi, ambayo pia hupandisha lehemu (kolesteroli) kwenye damu, ilhali katika alizeti aina hiyo ni kama asilimia 11 tu. Sisi tunaoishi jirani na mashamba ya Singida, Kongwa na Chamwino, ambako alizeti hukamuliwa na kupangwa kwa madumu kando ya barabara, tuna bahati ambayo hatuitumii ipasavyo tunapokwenda kununua mafuta ya kupima yasiyojulikana yametoka wapi. Angalizo langu ni moja: alizeti haivumilii kuchemshwa tena na tena kwenye karai, kwa kuwa huharibika kwa joto upesi kuliko mawese. Ni mafuta ya kuungia mboga, si ya kukaangia chipsi kutwa.

Kuhusu unga, wengi hushangaa kusikia kwamba sembe, dona, mtama na uwele vina nishati karibu sawa, takriban kilokalori 350 kwa gramu 100 za unga mkavu. Kubadili unga peke yake hakutoi kitu kwenye seli ya mafuta. Faida inatokana na nyuzinyuzi zilizobaki kwenye unga usiokobolewa, zinazochelewesha sukari na kumfanya mtu ashibe kwa tonge dogo. Ugali wa uwele ni mzito, una rangi ya kijivu na harufu yake ya nafaka, na aliyeuzoea hujua kwamba hawezi kuula kwa wingi kama anavyokula sembe laini. Ninaupendelea kuliko dona kwa sababu nyingine ya hapa kwetu. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kutokana na sumukuvu, na mahindi yaliyoota ukungu ndiyo yaliyotajwa. Sumu hiyo hukaa zaidi kwenye pumba na kiini, yaani sehemu zilezile ambazo mla dona hazitupi. Anayekula dona anunue mahindi makavu, ayachambue kwa mikono yake kabla ya kusaga, na asage kidogo kidogo kwa kuwa unga huo huchacha upesi.

Kuna wanaouliza kuhusu kufunga, yaani kula ndani ya saa 8 tu za mchana. Katika utafiti wa watu 139 mjini Guangzhou, China, uliochapishwa mwaka 2022, waliopunguza chakula na kukila ndani ya saa 8 walipungua wastani wa kilo 8.0 kwa mwaka, na waliopunguza chakula kiasi hichohicho bila kujali saa walipungua kilo 6.3, tofauti ambayo kitakwimu haikuwa na uzito. Anayeona saa zinamsaidia kuacha kula usiku azitumie. Hazina nguvu ya pekee juu ya seli.

Nani achague ipi

Mtu mwenye kisukari cha aina ya pili, au ambaye vipimo vinaonyesha sukari yake imeanza kupanda, au mwenye mafuta mengi kwenye damu aina ya traigliseraidi, ana sababu ya kweli ya kuchagua kupunguza wanga, kwa kuwa sukari yake itashuka mapema hata kabla uzito haujashuka. Lakini asianze peke yake. Anayetumia insulini au vidonge vya aina ya glibenklamaidi akipunguza ugali ghafla bila daktari kupunguza dawa, sukari yake inaweza kushuka hadi azimie. Mwenye matatizo ya figo naye asikimbilie nyama nyingi kabla ya kuonana na daktari.

Mwenye lehemu ya juu, mwenye familia kubwa inayokula sufuria moja, anayehudhuria misiba na sherehe kila mwisho wa wiki, na anayetaka mlo ambao watoto wake wanaweza kuula pia, achague kupunguza mafuta ya kupikia na sukari. Watoto wenyewe wasiwekwe kwenye mlo wa kukonda. Kwao kinachotosha ni kuondoa soda, biskuti na vitu vya karai, hasa kwa kuwa tumeona kwamba idadi ya seli inapangwa katika umri wao. Mjamzito na anayenyonyesha wasifuate njia yoyote kati ya hizi.

Kwa kuwa hata watafiti hawakuweza kutabiri njia ipi itamfaa nani, kinachobaki ni kujipima. Tumia utepe wa fundi cherehani badala ya mizani, kwa sababu mizani huchanganya maji, misuli na mafuta. Utepe uzungushwe katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, usawa wa mbele na nyuma, baada ya kutoa pumzi kwa kawaida na bila kuvuta tumbo ndani. Shirika la Afya Duniani hutumia sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke kama mwanzo wa hatari, na 102 na 88 kama hatari kubwa zaidi. Pima siku moja kila wiki, asubuhi kabla ya chai, na uandike. Mafuta ya ndani ya tumbo ndiyo yanayotangulia kupungua kwa watu wengi, kwa hiyo utepe mara nyingi hutoa habari njema kabla ya mizani. Zikipita wiki 12 za kufuata njia moja kwa uaminifu na utepe haujashuka hata sentimita 2, hamia njia nyingine na uanze kuhesabu upya.